Uzoefu wangu: jinsi nilivyouvika ukuta wangu vigae vya sahani

Wapo watu waliojenga au kupamba nyumba zao peke yao, kwa vitu vilivyotupwa jalalani, na majirani wakawaita wendawazimu. Nimefuatilia habari zao kwa miaka mingi, na kila nilipozidi kusoma nilizidi kuona kwamba wanaonewa. Watu wale walikuwa mafundi. Nimeamini hivyo zaidi baada ya kufanya kazi yao kwa mikono yangu, kwenye ukuta wa mbele wa nyumba yetu hapa Kunduchi, ambao sasa umejaa vipande vya sahani na vikombe tangu msingi hadi chini ya paa.

Aliyenifundisha zaidi ni Simon Rodia, mhamiaji kutoka Italia aliyekuwa kibarua wa ujenzi huko Los Angeles. Mwaka 1921 alianza kusimamisha minara kwenye kiwanja chake chembamba mtaa wa Watts, na hakuacha hadi 1954. Mrefu kuliko yote unafika kama mita 30. Hakuchomelea chuma wala hakufunga bolti. Alipinda vyuma, akavizungushia waya na wavu, akavisiliba kwa simenti, na simenti ikiwa bado mbichi akabandika makombe ya bahari, vigae, vipande vya sahani na chupa za kijani za 7 Up. Watoto wa mtaani walikuwa wakimletea vyombo vilivyovunjika. Alipohama, wakuu wa mji wakataka minara ibomolewe kwa kuwa ni hatari. Mwaka 1959 wahandisi wakafunga nyaya kwenye mnara na kuuvuta kwa uzito wa ratili 10,000, yaani zaidi ya tani nne. Mnara ukabaki umesimama, na amri ya kubomoa ikafa.

Habari ya jaribio lile ndiyo iliyonionyesha pa kuanzia. Kilichookoa minara ni vyuma na waya vilivyofichwa ndani, ambavyo hakuna mpita njia anayeviona. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa kwenye ukuta wenyewe kabla sijagusa sahani hata moja.

Nyumba za karibu na bahari zina ugonjwa wa chumvi. Lipu inavimba, inatoa unga mweupe, halafu inabanduka. Ukibandika sahani juu ya lipu ya namna hiyo, vyote vitakuja chini pamoja. Nikamwita fundi wa mtaani kwetu, akatazama, akasema, "Mama, tukupigie rangi tu, tumalize mapema." Nikamwambia, "Fundi, bandua lipu yote, nataka kuona tofali." Alishangaa lakini alifanya, na kwa uangalifu mkubwa. Tukachokoa viungo vya tofali kwa patasi ili lipu mpya ipate pa kushika. Tukaloanisha ukuta, tukaurushia uji mzito wa simenti na mchanga, tukauacha na vipele vyake hivyo hivyo bila kuusawazisha. Baada ya hapo ndipo ikaja lipu, simenti moja kwa mchanga nne, nayo tukaikwaruza kwa msumari ikiwa mbichi. Mchanga ulikuwa wa mto. Wa ufukweni ni wa bure na uko mlangoni, lakini chumvi yake ndiyo hiyo inayoua kuta, na hapo sikukubali mjadala.

Vipande nilivipata kirahisi kuliko nilivyotegemea. Wanaokodisha vyombo vya harusi na shughuli hawakosi sahani zilizovunjika, na kwao ni mzigo wa kutupa. Maduka ya vigae nayo yana mabaki. Kisha habari ikaenea, na majirani wakaanza kuja na vyao: mfuniko wa birika, bakuli la marehemu bibi, kikombe kisicho na mkono. Mzee mmoja aliniuliza kwa upole kama ukuta huu una mambo ya kiganga. Nilimkaribisha akaketi barazani akatazama, na kesho yake alileta sahani mbili za buluu.

Sikuona ajabu kwamba watu wa hapa wameelewa upesi. Hatuko mbali na magofu ya Kunduchi, ambako makaburi ya karne ya 18 yana nguzo zilizopachikwa sahani za kauri kutoka China. Pwani yetu imekuwa ikipachika vyombo ukutani karne nyingi kabla Rodia hajazaliwa. Pale ambapo sahani zimeng'olewa, tundu la duara limebaki kwenye chokaa, safi kabisa, na kwangu mimi lile tundu ni somo: fundi alichimba ili kitako cha sahani kikae ndani ya ukuta, hakukiegemeza juu juu.

Hilo nililifuata. Sahani ina mgongo uliobonyea, na ukiikandamiza hivi hivi, hewa inabaki nyuma yake. Kwa hiyo kila kipande nilikijaza simenti mgongoni kwanza, kisha nikakisukuma ukutani hadi simenti ikatoka pembeni. Kesho yake nagonga kwa fundo la kidole. Kikilia kama debe tupu nakitoa na kukirudia. Kauri inayong'aa hainywi maji na huteleza, ndiyo maana niliikwaruza nyuma kwa jiwe la kunolea. Vigae vya udongo vinakunywa, hivyo viliingia ndooni kabla. Kuvunja nako kuna adabu yake: funga sahani kwenye gunia, vaa miwani, gonga mara moja. Vitako nilivibakiza vizima viwe vitovu vya maua, kingo zenye mistari zikawa mipaka, na vipande vyeupe vikajaza katikati.

Sikuchora ramani. Ferdinand Cheval, mgawa barua wa Hauterives kule Ufaransa, alijikwaa kwenye jiwe mwaka 1879, akapenda umbo lake, akaanza kuokota mengine njiani akigawa barua. Jioni akajenga, miaka 33, hadi likasimama jumba ambalo serikali ya Ufaransa ililiweka chini ya hifadhi mwaka 1969. Yeye aliyaacha mawe yamwongoze. Nami nikafanya eneo dogo kila siku, kiasi ambacho simenti yake naweza kuitumia kabla haijakaza, na rangi za siku ile zilitegemea gunia lililoletwa. Watu wakiniuliza ua lile la kijani kando ya dirisha nililipanga vipi, jibu ni kwamba mwenye vyombo vya harusi alivunja vya kijani wiki hiyo.

Kilichobaki ni uvumilivu. Ukuta mbichi ukikaushwa na jua la hapa unapasuka, kwa hiyo nilitundika magunia na kuyamwagia maji asubuhi na jioni. Viungo nilivijaza simenti nyeupe na mchanga uliochekechwa laini, nikafuta kwa sponji kabla haijashika. Ncha zote zilizokuwa karibu na mkono wa mtoto nilizisugua kwa jiwe. Usafi wake ni maji na brashi laini. Tindikali ya kusafishia choo inakula viungo, usiisogeze karibu.

Masika yamepita juu yake na nimeugonga wote, upo imara. Fundi yule sasa analeta wateja wake wauone, na mmoja tayari amemtaka amfanyie jiko. Raymond Isidore, mfagiaji wa makaburi huko Chartres, alianza mwaka 1938 ndani ya nyumba yake, kuta, meza, jiko hadi cherehani ya mkewe, kisha akatoka nje. Mume wangu nimemsimulia habari hiyo, naye ameniruhusu nguzo za geti na karo la kufulia. Nitaanza na karo, maana linalowa kila siku na nataka kuona viungo vitahimili vipi sabuni.