Nyota nne, visiwa vitatu

Ukikaa na wazee wa Kingazija hapa Unguja, habari ya uhuru wa Komoro haichukui muda: Mfaransa katunyang'anya Maore (Mayotte), kile kisiwa cha nne kilichobaki kwake, basi. Mjomba wangu akifika hapo hugonga meza mpaka kahawa ikamwagika kwenye kisahani. Hoja anayo. Kura ya maoni ya 22 Desemba 1974 ilipigwa visiwa vyote vinne, na kwa jumla takriban asilimia 95 walitaka uhuru. Paris ikageuka. Katikati ya 1975 bunge lake likaamua katiba ipitishwe kisiwa kwa kisiwa, si kwa jumla ya kura. Ahmed Abdallah, mkuu wa serikali ya visiwa, hakungoja. Tarehe 6 Julai akautangaza uhuru mwenyewe. Bendera ikashonwa na nyota nne, moja kwa kila kisiwa.

Lakini mimi naona Maore ilikwisha kutuponyoka zamani, na mkono wetu umo. Makao makuu ya utawala yalikuwa Dzaoudzi, huko huko Maore. Yalipohamishiwa Moroni, kisiwani Ngazija, miaka ya 1960, kazi na mishahara vikahama nayo, na waliokuja juu zaidi ni wanawake wa Maore. Kiongozi akitumwa kutoka Moroni, wanamzingira na kumtekenya mbavu mpaka anashindwa kusema na anarudi zake. Zéna M'Déré alikuwa mmoja wa vinara wao. Mjomba huona ni mzaha. Mzaha gani, wakati 1974 karibu thuluthi mbili ya wapiga kura wa Maore walisema hapana? Mfaransa alikuta mlango uko wazi, akaingia. Februari 1976 Baraza la Usalama lilipotaka kumkemea, akatumia kura yake ya turufu.

Abdallah hakumaliza hata mwezi madarakani. Tarehe 3 Agosti alipinduliwa, na punde nguvu zote zikawa mikononi mwa Ali Soilih, kiongozi wa wapinduzi. Ufaransa ilikuwa imekata misaada na kuondoa watu wake, hazina tupu. Hapo ndipo nyumbani kwetu ugomvi unapopamba moto. Soilih aliwafukuza watumishi wa serikali, akawapa vijana wadogo mamlaka ya kuwaamrisha wazee, akachoma moto nyaraka za serikali. Mjomba anamwita mwendawazimu. Shangazi anasema ndiye pekee aliyethubutu kuzikataza zile harusi kubwa za ada, za kulisha mji mzima kwa pesa za kukopa. Kwenye harusi niko na shangazi. Kwenye nyaraka, hapana: kumbukumbu za nchi hazina dhambi ya kuchomwa.

Mei 1978 Bob Denard, askari wa kukodiwa Mfaransa, akaja kwa bahari na mamluki wake. Soilih akauawa mwezi huo huo, Abdallah akarudishwa kitini. Harusi kubwa nazo zikarudi, na deni la ile ya binamu yangu kule Moroni linalipwa mpaka leo.