Mia na Themanini

Nilikuwa na miaka 23 na mwezi mmoja tu kazini, mhasibu msaidizi, jioni ile kitabu cha fedha kilipokataa kulingana na pesa zilizohesabiwa. Pesa zilipungua 180. Nilijumlisha kitabu mara tatu, jibu likawa lile lile. Kwa akili zangu za wakati ule, huo ndio ulikuwa uchunguzi.

Mshukiwa nilikuwa naye tayari. Keshia alichelewa asubuhi, mchana akatoka mara mbili kupokea simu, na nilipomuuliza habari za kazi alinijibu kwa mkato. Nikaandika barua kwa mkuu wa idara. Nikiri kwamba niliipenda: ilikuwa na maneno kama "mwenendo wa kutia shaka", na niliirudia kuisoma kwa raha tu.

Mhasibu mkuu alikuwa anafunga mkoba aondoke. Aliisoma amesimama, akaigeuza kifudifudi mezani.

"Pungufu ni ngapi?"

"Mia na themanini, mzee."

"Umegawa kwa mbili?"

Sikuelewa. Akaniambia nusu yake ni 90. Nitazame kama kuna malipo ya 90 yaliyoandikwa upande wa mapato, maana kosa la namna hiyo huzaa tofauti maradufu. Nikatafuta. Hayakuwepo.

"Gawa kwa tisa."

Ikatoka 20, bila baki.

"Ukipindua tarakimu mbili zinazofuatana, tofauti lazima igawanyike kwa tisa. Hiyo 20 inakwambia utazame mamia na makumi. Tafuta tarakimu zinazopishana kwa mbili."

Hazikupita dakika kumi. Risiti ilisema 5,130. Kitabu kilisema 5,310, kwa mwandiko wangu mwenyewe, na ile 3 nimeikoleza vizuri kabisa. Mara zote tatu nilikuwa nimejumlisha kosa langu, tena kwa usahihi.

Nilingoja mahubiri. Mzee akachukua mkoba wake, akafika mlangoni ndipo akageuka: "Barua ungeipeleka saa ngapi?" Akaenda zake bila kungoja jibu. Ningeipeleka saa ile ile. Bahasha nilishaiandika jina.

Kesho yake keshia alichelewa tena. Zile simu zilikuwa za nini, mpaka leo sijui, wala hazikunihusu. Nilimsalimia, nikamwomba risiti za jana yake, nikakaa kuzipitia upya, kidole juu ya kila tarakimu.