Vyombo Vitupu vya Majirani

Somo la juma hili: 2 Wafalme 4:1–7

Wapendwa katika Bwana, Tumsifu Yesu Kristo.

Mwanamke wa somo letu hatajwi jina, lakini shida yake imeelezwa wazi kabisa. Mumewe, mmoja wa wana wa manabii, amefariki na kuacha deni, na mdai amekwisha kufika ili awachukue watoto wake wawili wawe watumwa. Anamlilia nabii Elisha na kumkumbusha kwamba marehemu alikuwa mcha Mungu. Tusiharakishe kupita hapo, kwa maana wako miongoni mwetu wanaoamini, na wengine hata kuhubiri, kwamba mtu mwenye madeni lazima pana mahali alipomkosea Mungu. Maandiko hayatuambii marehemu alikopa kwa ajili gani. Yanatuambia kwamba alimcha Bwana na kwamba alikuwa na deni, na hayaoni shida kuyasema yote mawili kwa pumzi moja.

Elisha hakutoa fedha, na huenda hakuwa nazo. Alimuuliza mjane, "Nikufanyie nini?" na kabla hajajibiwa akaongeza, "Una kitu gani nyumbani?" Mjane akasema hana kitu ila chupa ya mafuta. Ndipo akatumwa kwa majirani zake wote akaazime vyombo vitupu, "wala usitake vichache." Majirani wale hawakulipa hata sehemu ndogo ya deni, na yumkini baadhi yao walikuwa na wadai wao wenyewe. Walichotoa ni mtungi uliokuwa umekaa bure pembeni mwa jiko. Hata hivyo, mafuta yalikoma pale tu chombo cha mwisho kilipojaa, kwa hiyo kila aliyeazimisha chombo alikuwa na sehemu yake katika wingi wa mafuta yaliyouzwa na deni likalipwa.

Nimelichagua somo hili kwa sababu ya mambo mawili ambayo tunayazungumza kwa kunong'ona tunapotoka kanisani, nayo ni mikopo na afya zetu. Katika jumuiya huyataja kila moja peke yake: leo tunaombea uchumi wa familia, wiki ijayo tunaombea wagonjwa. Katika maisha ya watu, hayo mawili hulala kitanda kimoja.

Sote tunaijua mikopo inayoitwa kausha damu, ambayo marejesho yake hudaiwa kila wiki, pengine kila siku, na ambayo mtu akichelewa huona kochi na televisheni vikibebwa huku watoto na majirani wakitazama. Siku hizi iko pia ile ya kwenye simu, inayopatikana kwa dakika chache bila kumwona mtu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha watu kwa njia ya kidijitali bila leseni, na wengi waliokwisha kunaswa na mikopo ya namna hiyo wanajua jinsi wadai wanavyowapigia simu na kuwatumia ujumbe watu waliomo katika kitabu cha namba cha mkopaji: shemeji, bosi, mwenyekiti wa kwaya. Silaha kubwa ya mdai wa namna hii ni aibu. Mtu hukopa hapa ili alipe pale, na kadiri anavyozidi kuficha ndivyo anavyozidi kukopa.

Aibu hiyo haikai mfukoni tu. Mtu anayeishi kwa hofu mchana na usiku, mwili wake hutoa homoni za mfadhaiko, na homoni hizo hupandisha sukari katika damu na shinikizo la damu. Usingizi hupotea. Chakula hugeuka kuwa kile kinachojaza tumbo kwa bei ndogo, yaani chai yenye sukari nyingi na maandazi asubuhi, kisha sembe kubwa yenye mchuzi mwembamba usiku, na soda pale mtu anapotaka kujipoza moyo. Mwenye kisukari au presha ataahirisha siku ya kliniki, kwa sababu nauli na fedha ya dawa zimekwenda kwenye marejesho. Presha, kwa bahati mbaya, mara nyingi haina dalili, kwa hiyo mwenye kuahirisha hujiona amefaulu.

Nasi, ndugu zangu, tunaongeza mzigo kwa midomo yetu. Kwetu unene husomwa kama taarifa ya benki. Mtu akinenepa tunamwambia amependeza na maisha yamemkubali. Akipungua, hata kama daktari ndiye aliyemwagiza apungue na amejitahidi kwa miezi, tunaulizana pembeni kama anaumwa au biashara imeanguka. Dada anayekunywa chai isiyo na sukari kwenye ibada ya nyumba kwa nyumba atalazimika kujieleza mbele ya watu kumi, na mwenye nyumba atamwekea pilau ya pili akisema, "Kidogo tu, hakiui." Ukarimu wetu ni mzuri, na nisingependa upungue hata chembe, lakini kuna ukarimu unaomtaka mgeni achague kati ya heshima ya mwenyeji na figo zake.

Nimepewa ruhusa ya kusimulia habari za kina mama wawili bila kuwataja. Wote ni wanakwaya, wanaimba sauti ya pili, na mmoja wao anauza nguo za mitumba. Mwenzake, ambaye ni mwalimu, aliona kwamba wakati wa mazoezi muuza mitumba alikuwa akitoka nje mara kwa mara kujisaidia, na akirudi ana chupa ya maji mkononi. Akamfuata nje, kwa kuwa mwenzake ana kisukari na hizo ni dalili za sukari kupanda.

"Dada, dawa unameza?"

"Nameza."

"Leo umemeza?"

"Namalizia za mwezi uliopita."

Maana yake ni kwamba alikuwa akimeza kidonge siku moja na kuruka siku moja ili vidonge vifike mbali. Mwalimu hakumhubiria. Jumamosi alikwenda nyumbani kwake na daftari la shule, wakakaa chini na kuandika kila deni: ni la nani, ni kiasi gani, linalipwa siku gani. Alipouliza jumla aliambiwa "si nyingi", akauliza tena, na safari hii akasubiri mpaka jibu likaja kwa tarakimu. Walipomaliza waligundua kwamba mikopo mitatu ilikuwa imechukuliwa kwa ajili ya kulipa mingine. Mama yule amenikubalia niseme kwamba alilia, na kwamba usiku huo alilala.

Mwalimu hakulipa deni hata moja. Alimsindikiza kwa mwenyekiti wa kikoba, yaani kikundi cha kuweka na kukopa, kuomba marejesho yapunguzwe na muda uongezwe, na kikao kikakubali, kwa sababu mtu anayekuja na hesabu zake zimeandikwa husikilizwa tofauti na anayejificha. Tangu hapo wananunua maharage na dagaa kwa pamoja kwa bei ya jumla na kugawana. Baada ya mazoezi wanarudi nyumbani kwa miguu badala ya kupanda daladala, wakiongea njia nzima, na nauli ya siku hizo inawekwa kwenye kopo kwa ajili ya kliniki. Wataalamu wanashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa juma, kama kutembea kwa haraka. Mama hawa wanazipata bila kulipia ukumbi wa mazoezi, ingawa kwa haraka sina hakika, maana nimewahi kuwapita njiani wakiwa wamesimama wanacheka.

Angalieni kwamba mwalimu aliuliza lile swali la Elisha kwa namna yake: una kitu gani nyumbani? Mitumba ilikuwepo, miguu ilikuwepo, kliniki ilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kukaa naye wakati anaandika. Marafiki wa Ayubu nao walikaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno, na huo ndio uliokuwa msaada wao bora kabla hawajaanza kutafuta kosa lake.

Hapa naomba nitahadharishe, hata kama baadhi yenu hamtakubaliana nami. Kumdhamini rafiki mkopo mpya ili alipe wa zamani mara nyingi si upendo. Mithali 22 inatuonya waziwazi kuhusu kudhamini madeni ya watu, na sababu inayotolewa ni kwamba usipokuwa na cha kulipa, hata kitanda chako kitachukuliwa. Nimeona urafiki wa miaka mingi ukifa kwa njia hiyo. Toa unachoweza kutoa bila kukidai, au azimisha chombo kitupu: muda wako, daftari lako, miguu yako.

Jambo lingine ni mlango. Elisha alimwagiza mjane aingie ndani na kujifungia yeye na wanawe, kisha ndipo amimine. Majirani walioazimisha vyombo hawakualikwa kutazama. Kwetu siri ya mtu hutoka kwa njia ya sala. "Tumkumbuke dada yetu, Bwana amfungulie kwenye madeni," anasema mtu kwa sauti ya upole, na kufikia jioni mtaa mzima umejua. Aliyeambiwa jambo na mwenzake amwombee chumbani kwake, na kama jumuiya inahitajika basi mwenye shida aulizwe kwanza.

Nimalizie na jambo linalotuhusu juma lijalo, kwa kuwa tunaanza maombi ya kufunga. Mwenye kisukari, hasa anayetumia insulini au vidonge vinavyoweza kushusha sukari kupita kiasi, asifunge kabla ya kuzungumza na daktari wake, wala asiache dawa kwa kuwa ameombewa. Akishauriwa asifunge, na ajinyime kitu kingine, na mzee wa kanisa asimuulize maswali mbele ya watu. Wale wanaokaa jirani naye wajue dalili za sukari kushuka, yaani kutoka jasho, kutetemeka, kizunguzungu na kuchanganyikiwa, na wajue pia kwamba hapo anahitaji kitu chenye sukari mara moja akiwa bado anaweza kumeza, na kituo cha afya ikiwa hawezi. Ningependa pia katika kila jumuiya apatikane mmoja mwenye afya njema atakayekubali kutofunga, aende asubuhi kwa mwenzake huyo, wapike uji wa ulezi usio na sukari, waunywe pamoja, ndipo waje wote wawili kwenye maombi ya saa sita.