Wanafunzi walikula posho: nilivyojenga kamusi ya mtandaoni nikiwa Mukono

"Wanafunzi walikula posho yote." Sentensi hiyo niliiandika mwenyewe usiku mmoja kama mfano wa matumizi ya neno posho, nikaituma kwenye kundi letu la WhatsApp, nikalala. Asubuhi nikakuta mwenzetu wa Morogoro ameandika: "Mwalimu, posho ya nani hiyo? Wameshafikishwa polisi?"

Huku Uganda posho ni ugali. Kila aliyesoma shule ya bweni anaijua, posho na maharage, Jumatatu mpaka Jumapili. Kwa mwenzetu wa Morogoro posho ni hela ya kikao au ya safari, na mtu akiila yote, basi kuna mwizi. Siku hiyo nzima tulibishana, tukacheka, na mwisho tukagundua kwamba chungu ni kimoja: posho ilikuwa chakula cha siku alichopimiwa askari au mpagazi. Sisi tukabaki na unga, wao wakabaki na malipo. Kufikia jioni nilikuwa na kidahizo, yaani neno linaloelezwa kwenye kamusi, chenye maana tatu, mifano mitano na asili ya neno. Kwa wiki mbili kabla ya hapo kamusi yangu yote ilikuwa na maneno tisa, na saba kati ya hayo niliyaingiza mimi.

Nirudi nyuma kidogo. Nafundisha Kiswahili sekondari. Katiba yetu ilirekebishwa mwaka 2005 na kukifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, lakini darasani kwangu kamusi ilikuwa moja, imefungwa kwa selotepu, herufi W hadi Z zimenyofolewa. Watoto walikuwa na simu za wazazi. Ndipo mwaka 2019 nikamwambia mwanafunzi wangu wa zamani, kijana wa kompyuta, tutengeneze kamusi ambayo mtu yeyote anaweza kuongeza neno.

Sikuwa wa kwanza kuwaza hivyo. Mradi wa Kamusi ulianzishwa na Martin Benjamin kule Yale, Marekani, mwaka 1994, wakati wengi wetu hatujawahi hata kusikia neno intaneti. Na kuna jambo ambalo Waganda tunalisahau: ile kamati iliyoundwa mwaka 1930 kusanifisha Kiswahili ilihamia Makerere mwaka 1952, ikakaa huko miaka kumi hivi. Makerere! Kutoka ninapoketi ni safari ya teksi moja mpaka mjini na nyingine ya kupanda kilima. (Teksi yetu, wasomaji wa nje, ndiyo matatu ya Kenya na daladala ya Tanzania. Nalo hilo lilitugharimu siku tatu.)

Kosa langu la kwanza lilikuwa fomu. Niliandaa jedwali zuri: kidahizo, aina ya neno, ngeli, wingi, maana, mfano, asili. Nikalituma kwa walimu thelathini na wawili. Wote wakajibu "asante sana Mwalimu, kazi nzuri", na hakuna aliyejaza. Posho ndiyo iliyonifungua macho. Ukimwomba mtu maana ya neno, atakwambia atatafuta muda. Ukimwekea maana iliyopinda, hatalala mpaka ainyooshe. Tangu hapo nikawa natuma neno moja kila usiku, maana yake nusu, wakati mwingine nimeikosea makusudi, kisha mimi na kijana wangu tunavuna majibu asubuhi na kuyapanga kwenye jedwali. Fomu ikabaki yetu sisi wawili. Wengine walihitaji tu mahali pa kubishana, na wakati huo ubishi wenyewe ulikuwa na gharama: kuingia WhatsApp kulitozwa ushuru wa shilingi 200 kwa siku, mbali na bando. Kuna mwalimu wa Malaba aliyekuwa akilipia siku moja moja, akaja na hoja zake zote Jumamosi kama mtu anayeteremsha lori.

Ubishi ulituletea sheria moja tu, nayo ni kwamba hakuna anayefuta maana ya mwenzake. Unaongeza yako, unaweka alama ya mahali. Ug., Tz., Ke., Kongo. Wapo walionilaumu kwamba naharibu usanifu. Mimi nasema mtoto wa Mukono anajua posho iko wapi kwenye sahani yake, na kamusi isiyoiona sahani hiyo haimsaidii.

Neno lililonikalia moyoni zaidi sikulitafuta. Mama mkwe wa mwenzangu, bibi wa kutoka upande wa Luweero, alikuwa akitusikia tukibishana barazani. Nikamwuliza kwa utani, "Jjajja, nawe tupe neno la Kiswahili." Akasema hajui Kiswahili, hicho ni cha wanajeshi. Akanyamaza. Kisha akasema, "Najua moja. Panda gari." Mwanzoni mwa miaka ya themanini askari walikuwa wakizingira mtaa alfajiri na kuwapakia watu kwenye malori, na amri ilikuwa hiyo. Kwake yeye si kitenzi na nomino, ni jina la tukio: siku ya panda gari, mwaka wa panda gari. Kamusi zilizochapishwa zitakupa panda kwenye P na gari kwenye G, basi. Sisi tumeliingiza kama neno moja, nomino, Ug. Mfano nilioweka ni wake, neno kwa neno, ila jina la kijana aliyechukuliwa nimeliondoa.

Upande wa kompyuta nilidhani ndio rahisi. Mwanafunzi anasoma hadithi, anakutana na "alinipigia", anaandika hivyo hivyo kwenye kisanduku cha kutafutia. Kamusi inasema hakuna. Kijana wangu akanieleza: "Mwalimu, kompyuta haijui kwamba a ni yeye, li ni zamani, ni ni mimi." Ikabidi tukae Jumapili tatu, mimi nikimwandikia viambishi ubaoni, yeye akiifundisha programu kuvimenya kutoka mbele na kutoka nyuma mpaka ifike kwenye mzizi inaoujua, pig. Nomino zikatutesa kwa namna yake. Meno lazima yakupeleke kwenye jino, nyuso kwenye uso, na wingi huo tuliuingiza kwa mkono. Kuta ndiyo ilimfanya afunge kompyuta aende zake: ni wingi wa ukuta, na pia ni kitenzi cha kumkuta mtu. Tukakubaliana kwamba penye njia mbili, onyesha zote mbili, msomaji achague.

Halafu likaja la L na R, ambalo nadhani kamusi za pwani hazijawahi kulihangaikia. Katika maandishi ya Kiganda, r huandikwa baada ya e na i. Kwingineko ni l. Mtoto aliyekulia humo huandika Kiswahili kwa sikio hilo. Nina insha ya mwanafunzi wangu mmoja: "Tulialikwa kwenye kalamu ya harusi, na bwana harusi alikuwa amelipa mahali." Alikusudia karamu na mahari. Akitafuta "mahali" akiwa anawaza ng'ombe na pesa, atapewa maana ya sehemu, na ataondoka akiamini kamusi ni mbovu. Sasa tafuta yetu hubadilisha L na R yenyewe na kuuliza chini, "Au ulikusudia mahari?" Kazi ya mchana mmoja hiyo, na nadhani ndiyo iliyotuletea wasomaji wengi kuliko zote.

Tuliwahi pia kuharibikiwa. Mchangiaji mmoja wa Kabale alianza kuleta maneno ishirini kwa siku, yamepangwa vizuri ajabu. Nilimsifu mbele ya kundi. Baada ya mwezi nikaanza kujiuliza: mtu wa milimani, mbali na bahari, mbona mifano yake yote imejaa majahazi, ngalawa na pepo za kusi? Alikuwa ananakili kamusi ya dukani ukurasa baada ya ukurasa. Hakuwa na nia mbaya, alidhani anasaidia. Lakini kamusi yetu iko chini ya leseni huria, na huwezi kugawa bure mali ya mwingine. Tulifuta maneno zaidi ya mia mbili. Nilimpigia simu badala ya kuandika, nikamwomba aanze upya na maneno ya shamba la viazi. Alikasirika miezi miwili, kisha akarudi na maneno kumi na nane ya aina za udongo na majembe ambayo sijayaona popote.

Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Siku ya tatu nilisikia hodi. Alikuwa afande mstaafu wa mtaani kwetu, mchangiaji wetu wa maneno ya kambini, ameleta daftari la shule. Ameandika kurasa kumi na moja kwa kalamu ya wino. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa kunisahihisha: "Mwalimu, kwata umeiandika kama Waganda, eti kukamata. Kwata ni mazoezi ya gwaride. Sisi tulipigishwa kwata miaka thelathini." Nilimpa chai. Tukaweka zote mbili, ile ya Kiganda ikiwa na onyo.

Wiki hii tunabishania sombe. Mama Mkongo anayeuza mboga Kisenyi, mjini Kampala, ametutumia sauti akieleza namna ya kutwanga majani ya muhogo, na bugali wake pembeni. Mwalimu wa Malaba anasema tuandike Kongo. Mimi nasema mboga inauzwa Kampala na wanunuzi wanaiita hivyo hivyo, kwa hiyo ni Ug. pia. Nimeweka alama zote mbili. Morogoro amejibu kwamba kwao ni kisamvu, na kwamba nimesahau nazi.