Na kisha, niko hapa

Nimegeukageuka kitandani hadi Baba watoto amehamia kwenye kochi, basi acha niandike. Wiki ilikuwa na makubwa yake: yaya, ndugu yangu mkubwa, amepata mjukuu wa kwanza, mama na mtoto wazima, kobalti, iliyofungiwa kutoka nchini Kongo tangu Februari 2025, imeruhusiwa tena kwa migawo tangu tarehe 16 Oktoba, na kazini watu hawana habari nyingine, mvua ya kwanza imenyesha na kumwaga maua ya jakaranda barabara nzima. Yote hayo yamenipita. Kilichoning'ang'ania ni maneno mawili ya yule DRH mpya, mkurugenzi wetu wa wafanyakazi.

"Na kisha?"

Mnamjua, nilishawaandikia habari zake. Kijana wa Kinshasa, viatu vinang'aa hata siku ya vumbi, heshima tele, mama huku papa kule. Kiti cha mkuu wa idara yetu kiko wazi tangu mzee wetu astaafu, na yeye ameamua kutuita mmoja mmoja atusikilize. Zamu yangu ilikuwa Jumatano baada ya chakula. Akanifungulia mlango, akanimiminia maji, akasema: "Mama, nielezee safari yako ya kazi."

Ah, hapo alinikuta nyumbani kwangu. Nikajiweka sawa kitini, nikaanza.

Hadithi yenyewe mnaijua, wengine mnaweza kuisimulia kunishinda. Diploma mkononi, kazi hakuna, mashine ya kuchapa ya kuazima juu ya meza ya miguu mitatu karibu na Posta, hapa Lubumbashi. Barua za kuomba kazi, barua za kuomba radhi kwa baba mkwe, fomu za madereva wa malori ya mpakani Kasumbalesa. Kiingereza changu nilikiokota kwa hao madereva wa Zambia, tena bila ada. Siku moja herufi e ikakatika, na Kifaransa bila e ni nini? Nikawa naacha pengo, kisha nayajaza mapengo yote kwa kalamu, moja baada ya jingine, mteja amesimama anatoka jasho. Hapo watu hucheka. Halafu 2006 anatokea yule injinia mgeni na barua yake, ananikuta namsahihishia Kiingereza kabla sijagusa mashine, anauliza kama naweza kuanza kazi Jumatatu. Hapo watu hunyamaza, kisha lazima mmoja aseme "Mungu mkubwa."

DRH alicheka penye kucheka. Alinyamaza penye kunyamaza. Nikamaliza, nikanywa maji yangu. Yeye bado ameshika kalamu, ananitazama kama mgeni aliyewekewa bukari akawa anangoja mboga.

"Na kisha?"

Nikasema: "Na kisha, niko hapa."

Akaandika kitu kifupi. Kifupi mno. Akasema asante mama, akanisindikiza mlangoni, akamwita mtu wa lojistiki.

Kwenye basi la Katuba nililisikia swali lile kama uchovu: maliza basi, wenzako wako nje. Usiku nikalisikia kama dharau. Alhamisi asubuhi, nikipiga pasi sare ya kitinda mimba, nikasema hapana, alikuwa ameinama mbele, na mtu aliyechoka huegemea nyuma. Ijumaa nikakumbuka kwamba hakuegemea popote. Zaidi ya hapo, Kiswahili chetu anajifunza, anakisema kwa bidii kama mtu anayevuka mto juu ya mawe, kwa hiyo hata sauti yake sijui niipime kwa mizani gani. Nikamwambia Baba watoto. Akajibu bila kuinua macho kwenye simu: "Alikuuliza swali. Ungejibu." Na huyu ndiye niliyemchagua mwenyewe.

Kujibu nini? Ndilo jambo lenyewe. Ile hadithi nimeitumia miaka yote na haijawahi kurudi mikono mitupu. Nyinyi wa hapa mnajua mji huu unavyobadilisha maswali. Baada ya kanuni ya madini ya 2002 wageni waliingia kwa wingi, na kila mtu aliyewahi kusalimiana na Mzambia akawa mkalimani, mimi mmojawapo. Mwisho wa 2008 bei ya shaba ikaanguka, kutoka dola zaidi ya elfu nane kwa tani hadi chini ya elfu tatu katika miezi michache, wageni wakafunga mizigo, na wakalimani wote tukawa wafanyabiashara wa mpakani. Hadithi ya mashine ndiyo iliyonirudisha ofisini, safari hii kwenye makaratasi ya wafanyakazi. Ilipokuja kanuni mpya ya 2018, inayotaka kila mgodi uandikiane na wanakijiji daftari la majukumu na kuwatengea angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake, ghafla mji mzima ukajaa wataalamu wa maendeleo. Nikasimulia tena mashine, e ikakatika tena, wakacheka, nikapewa kiti katika mahusiano na jamii. Ndipo nilipo hadi leo.

Walionisikiliza wakati ule wote walikuwa rika langu au wakubwa wangu. Waliipita Posta, waliwaona waandishi wa barua wamekaa kwenye mstari, walijua karatasi ya kaboni inavyochafua vidole. Niliposema mashine, wao walijaza yaliyobaki. Huyu kijana hana cha kujazia. Kwake Posta ni jengo. Amesikia msichana mwenye bidii aliyepata bahati 2006, halafu giza, halafu mama mmoja wa makamo amekaa mbele yake anakunywa maji. Mimi ningekuwa yeye ningeuliza vilevile. (Nasema hivi leo. Ijumaa nisingesema.)

Na hapo ndipo baba aliponijia. Marehemu baba alifanya kazi chini ya ile shemine, bomba la moshi la kiwanda cha kuyeyushia shaba, ambayo kila mgeni wa Lubumbashi hupigia picha. Aliondoka Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, 2003, katika ile operesheni ya kuondoka kwa hiari iliyogharimiwa na Benki ya Dunia, yeye na wenzake zaidi ya elfu kumi. Baada ya hapo alilima mahindi barabara ya Kasenga, na mahindi hayo ndiyo yaliyowasomesha wadogo zangu. Alifuga bata. Alikuwa mweka hazina wa chama cha mazishi cha kartiye yetu hadi alipozikwa nacho, na daftari lake lilipokaguliwa hakuna franka iliyokosekana. Lakini ukimwuliza wewe ni nani, iwe 2005, iwe 2015, jibu lilikuwa moja: "Mimi ni mtu wa fonderi." Halafu anaeleza joto, anaeleza shaba ikimiminika, anaeleza buti. Wageni wakitikisa kichwa. Mahindi hayatajwi. Daftari halitajwi. Na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwambia "na kisha, baba?" Tuliona ndiyo heshima.

Jamani, miaka ile ya mwisho ilikuwa mizuri kuliko ya buti. Kama angesimulia yeye mwenyewe namna alivyomnyima kiongozi wa chama mkopo wa pesa za msiba, mbele ya watu, kwa upole, na yule kiongozi akaishia kumshukuru! Hiyo naijua kwa sababu mama alinong'ona.

Basi Jumamosi. Mkubwa, mtoto wangu wa kwanza, yuko mezani anajaza fomu ya kuomba staji, nafasi ya kujifunza kazi, mimi nachagua sombe, majani ya mihogo. Akafika kwenye mstari wa kazi ya mama. Tangu shule ya msingi tumekuwa tukiandika "sekretere" na kuendelea mbele. Safari hii akainua kalamu.

"Mama, niandike nini hapa?"

"Andika ya siku zote."

"Lakini si kweli. Sekretere gani anarudi na matope hadi magotini?"

"Basi andika mahusiano na jamii."

"Hiyo hakuna anayeielewa." Akafikiri kidogo. "Niandike: anahesabu miembe?"

Nilicheka hadi sombe ikanimwagika. Kisha nikakaa kimya, kwa sababu ni kweli kabisa, ninahesabu miembe. Kila mgodi unapotaka kupanua eneo, tunatembea shamba kwa shamba na chifu, na wenye mashamba, na mtu wa kilimo, na futi ya kupimia, tunaandika mihogo, migomba, miti ya matunda, mmoja mmoja, ili ilipwe. Kuna mama mmoja wakati wa kiangazi cha mwaka juzi alinisimamisha kwenye mche uliofika gotini. Karatasi yetu ilikuwa na mti unaozaa na mti usiozaa, na usiozaa ulilipwa pesa ya sabuni. Akasema, polepole, mikono nyuma: "Mama, mgodi wenu mnasema utakaa miaka 20. Mwembe wangu nao ungekaa miaka 20. Maembe ya miaka yote hiyo mtaniandikia wapi?" Mtu wa kilimo akatazama saa. Chifu akatazama mti. Mimi nikaandika maneno yake kama yalivyo kwenye ukurasa wa pembeni, nikamwomba aweke kidole gumba chini yake, na ukurasa ule nikaubeba ofisini mkutano baada ya mkutano, nikaambiwa si mahali pake, nikaubeba tena. Leo karatasi yetu ina mstari wa tatu: mche wa matunda, na bei yake inahesabu miaka ya kungojea. Tunautumia vijiji vyote tunavyofanyia kazi.

Hiyo sikumwambia DRH. Haikunijia hata kidogo! Nilikuwa na shughuli ya kukata herufi e.

Nikamwambia Mkubwa achukue simu apime muda. Nikasimama katikati ya jiko, mikono ya kijani, nikasimulia kuanzia kwenye mche. Nikaeleza kazi ilivyo leo, kwamba nakaa kati ya watu wasioaminiana na wote wananidai jibu. Nikarudi nyuma kidogo, 2008, namna nilivyojifunza kumwambia mtu habari mbaya bila kumkimbia macho. Mashine ikabaki na sentensi moja. Mkubwa akasema hiyo sentensi nayo nitoe.

"Hiyo haitoki," nikamwambia.

"Basi iweke mwisho, mama. Ukiianza nayo unaizeekea ndani."

Watoto tunawapeleka shule wenyewe, tunawalipia wenyewe, halafu wanaturudishia maneno ya namna hii.

Na ninajua upande wa pili, msidhani sijui. Yule wa lojistiki akihama kampuni anahama na maisha mapya. Alishakuwa wa Likasi, wa Kolwezi, na karibuni nimesikia amesoma Ndola. Sitaki kufika huko. Yangu yote yametokea na yana mashahidi. Ninachokata ni urefu wa mwanzo, na mwanzo unauma kuukata kwa sababu ndio ulionigharimu zaidi. Njaa ya pale Posta nilikuwa nayo peke yangu, mche nilikuwa nao na mama yule. Labda ndiyo maana ya kwanza naipenda kuisimulia na ya pili naiacha ikae kwenye makabati ya ofisi. Kila kanuni ya madini inapobadilika karatasi zote tunazipitia upya, mstari kwa mstari, na hakuna anayelia. Nami nitajipangia hivyo, miaka mitatu minne ikipita nijisikilize kwa sauti, hata kama ni jikoni.

Jumatatu nitamwandikia DRH, kwa ufupi, kwamba swali lake nimelibeba na nina jibu. Baba watoto anasema nisiandike, nipite tu mlangoni. Yaya, ambaye wiki hii yuko juu ya mawingu na anakubali kila kitu, anasema niandike na pia nipite.

Fomu ya Mkubwa, kwa taarifa, imeandikwa "afisa wa mahusiano na jamii", kwa herufi ndogondogo ili itoshe kwenye mstari.

Jambo jingine kabla sijazima taa. Foraji yetu, kisima kirefu cha pampu, inatoa maji ya rangi ya chai tangu juzi, na pampu imeanza kukohoa mchanga. Fundi wa kwanza anasema bomba lishushwe zaidi. Wa pili anasema kisima kimekufa, tuchimbe kingine, na hata kofia hajavua ameshataja dola. Majirani watatu wanateka kwetu na nimewaambia wachemshe, lakini yule wa kona ana mtoto mchanga na simwamini na kuni zake. Kama kuna anayemjua fundi wa foraji anayeanza kwa kutazama kisima, tafadhali, niandikieni kesho mapema.