TCP haijui amri yako inaishia wapi

Programu yenye kisanduku cha maandishi na kitufe cha "Tuma", ya kupeleka amri kwa mashine nyingine kupitia TCP, haihitaji zaidi ya mistari hamsini ya Python na Tkinter, maktaba yake ya madirisha. Ukiijaribu kwenye kompyuta ileile, kwa anwani 127.0.0.1, kwa kawaida inakubali. Vituko huanza ukiipeleka kwenye mtandao wenyewe: amri mbili zinafika zimeshikana, au moja inafika nusu.

Mtandao hauna kosa. TCP, itifaki inayobeba data kati ya mashine mbili, husafirisha mkondo wa baiti, haijui ujumbe mmoja mmoja. Ukituma WASHA kisha ZIMA, anayepokea anaweza kusoma WASHAZIMA kwa recv moja (recv ni kusoma kutoka kwenye soketi, yaani ncha ya muunganisho), au WAS kwanza na HAZIMA baadaye. Unachohakikishiwa ni kwamba baiti hazitapishana njiani. Mpaka wa amri uuweke wewe, na njia nyepesi ni kumalizia kila amri kwa \n (alama ya mstari mpya). Anayepokea anajaza bafa (hifadhi ya muda), anakata kila anapoikuta \n, na kinachobaki kinasubiri baiti zijazo. Ukiongea na kifaa cha watu, fuata desturi yake: projekta zinazotumia itifaki ya PJLink husikiliza poti 4352 na hutaka \r (alama ya kurudi mwanzo wa mstari), vifaa vya maabara vinavyotumia lugha ya amri ya SCPI mara nyingi viko poti 5025 na hutaka \n. Kosea herufi hiyo moja tu, kifaa kitakaa kimya kikingoja amri iishe.

Tuma kwa sendall, si send. Hiyo ya pili inaweza kupeleka sehemu tu na kukurudishia idadi ya baiti, idadi ambayo karibu hakuna anayeiangalia.

Kisha kuna dirisha kuganda. Kitufe kikiita connect moja kwa moja na mashine ya pili imezimwa, Linux inaweza kungoja kama dakika 2, na muda wote huo dirisha halibonyezeki. Weka settimeout(5), kazi ya soketi ihamie kwenye uzi (thread) wa pili, majibu yapitie foleni ya queue.Queue, na dirisha liyachote kwa root.after(100, ...). Uzi huo wa pili usiguse kitu chochote cha Tkinter.

recv ikirudisha b"" maana yake upande wa pili umefunga. Usipotoka kwenye while hapo, kitanzi kitazunguka bure na prosesa itapanda.

ConnectionRefusedError kwa kawaida ina maana mashine umeifikia ila hakuna anayesikiliza poti hiyo. Mara nyingi seva imefungwa kwa 127.0.0.1 (inasikiliza kompyuta yake tu) badala ya 0.0.0.0 (anwani zake zote). Muda ukiisha bila jibu lolote, shuku ukuta-moto au anwani. "Address already in use" baada ya kuwasha seva upya kwenye Linux huondoka kwa chaguo la soketi SO_REUSEADDR, liwekwe kabla ya bind, hatua ya kuipa seva anwani na poti.

Ukishafungua 0.0.0.0, yeyote anayeifikia poti hiyo anaweza kutuma amri. Maandishi yaliyopokelewa yasiingie os.system, inayoyaendesha kama amri za kompyuta, hata siku moja. Yalinganishe na orodha ya amri unazozikubali, nyingine zote zijibiwe KOSA\n.