Printa ilipata IP, jina likakataa kusajiliwa

Alhamdulillahi, imekubali. Ofisi yetu hapa Mwembe Tayari ina seva moja ya Ubuntu inayoendesha DHCP (inayogawa anwani za IP) na BIND (inayotafsiri majina kuwa anwani). Mashine zote zilipata anwani vizuri, lakini ukiiita printa kwa jina, kimya. Wenzangu wakaishia kuandika namba za IP kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani.

Nilitengeneza upya mara mbili ufunguo wa TSIG, ule ambao DHCP huutumia kujitambulisha kwa BIND inaposajili majina, nikaukagua herufi kwa herufi. Wapi! Nikazima seva na kuiwasha, dawa yetu mafundi.

Usiku, feni ikinipepea, nikasoma logi: BIND imenyimwa ruhusa ya kuunda faili ya .jnl, yaani jarida la mabadiliko. Kumbe ufunguo ulikuwa sawa siku zote! BIND huandika kila badiliko kwanza kwenye faili hiyo, kando ya faili ya zoni (orodha ya majina na anwani zake). Nami zoni nilikuwa nimeiweka /etc/bind, ambako AppArmor, mlinzi wa Ubuntu anayewekea programu mipaka, huiruhusu BIND kusoma tu. Hapo chmod, amri ya kubadilisha ruhusa za faili, haifui dafu, nilijaribu.

Nikahamisha faili za zoni zote mbili, ya kawaida (jina kwenda IP) na ya kinyume (IP kwenda jina), hadi /var/lib/bind, nikamkabidhi mtumiaji bind umiliki, nikarekebisha njia za faili hizo kwenye faili ya mipangilio ya BIND, named.conf.local, nikaiwasha BIND upya. Nikachomoa waya wa printa, nikauchomeka. Ping kwa jina: jibu papo hapo. Ile karatasi nimeibandua.